Wino unaotafuna karatasi

SWALI: Marehemu babu alituachia mswada wa tenzi kwa hati ya Kiarabu. Kurasa zina vitundu vya wadudu, na kwingine herufi zimekuwa kahawia na kutoboka. Nitie gundi, nibandike selotepu, au nizifunike kwa plastiki ya moto kama kitambulisho? (Msomaji, Unguja)

JIBU: Tafadhali, usifanye hata moja. Gundi ya selotepu hupenya ndani ya karatasi na kugeuka manjano. Plastiki ya moto ndiyo mbaya zaidi, kwani haibanduki tena bila kuondoka na karatasi.

Mswada wako una magonjwa mawili. La wadudu ni jepesi. Unga laini ukidondoka, huenda bado wamo. Usipulizie dawa. Viringisha mswada kwa kitambaa safi, tia kwenye mifuko miwili ya plastiki, kamua hewa, ziba, kisha weka kwenye friza ya nyuzi 18 au 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Ukishautoa, usifungue mifuko hadi saa 24 zipite, la sivyo unyevu wa hewa utafanya umande juu ya karatasi baridi.

Umande huo ni hatari kwa sababu ya ugonjwa wa pili. Herufi zilizotoboka karibu hakika ni za wino wa chuma, uliochanganywa kwa tanini (dutu chachu ya magome na matunda ya miti) na salfeti ya chuma. (Wino wa masizi hubaki mweusi na hauli karatasi.) Wino wa chuma una asidi, na chuma kisichoshikamana ndani yake huchochea oksijeni kuvunja selulosi, yaani nyuzi zinazounda karatasi. Maji hukisambaza chuma hicho hadi kwenye karatasi nzima, na doa la kahawia hutanuka. Kwa hiyo hata uji wa ngano, gundi nzuri ya vitabu, haufai hapa.

Mtaalamu hupima kwa kipande cha karatasi chenye bathofenanthrolini, kemikali inayotambua chuma: hukilowesha kidogo, hukikandamiza juu ya herufi, na kikigeuka waridi chuma kingalipo. Tiba yake ni kuogesha ukurasa kwa faiteti ya kalsiamu ili ikamate chuma, kisha baikaboneti ya kalsiamu izimue asidi. Usiijaribu nyumbani.

Kwa sasa piga picha kila ukurasa, bila kuukunjua kwa nguvu. Laza mswada ndani ya marekani iliyofuliwa ikatoka wanga, kwenye sanduku lenye mfuniko, pamoja na vifuko vya silika vya kunyonya unyevu na kipima unyevu. Kikipita asilimia 60, badilisha vifuko. Juu ya 65 ukungu huota. Kisha kaonane na Nyaraka za Taifa za Zanzibar, Kilimani, wanaohifadhi miswada ya namna hii.