Takini wa Thimphu: wahi asubuhi

Ndugu, umeuliza kama hifadhi ya Motithang, wanakofugwa takini (mnyama wa taifa wa Bhutan), inafaa watoto, nawe una nusu siku tu mjini Thimphu, mji mkuu wa nchi hiyo. Inafaa, ila wahi asubuhi, takini wanaposogea uzioni kula. Baadaye hupotelea mitini. Usitarajie mbuga: ni kipande cha msitu chenye uzio. Takini hao waliwahi kuachiwa huru, wakaishia kuzurura mitaani wakitafuta chakula!

Njiani wasimulie watoto kisa cha Drukpa Kunley, mtakatifu wa Kibuddha mwenye vituko: eti alimaliza ng'ombe mzima na mbuzi mzima, akapachika kichwa cha mbuzi kwenye mifupa ya ng'ombe, akaiamuru iende malishoni, ndipo akapatikana takini. Wakishaiona ile pua nene iliyobinuka juu ya kiwiliwili cha fahali, hawatakubishia. Vaeni viatu vya kutembelea, kuna mteremko.