Je, Wathai walikimbia kutoka China?

SWALI: Kitabu kimoja cha zamani kinasema kwamba Wathai walikuwa na dola yao ya Nanzhao kusini mwa China, kwamba Wamongolia walipoivunja mwaka 1253 wote walikimbilia kusini, na kwamba huko walianzisha Sukhothai katika nchi ambayo leo ni Thailand. Je, ni kweli? Na ni akina nani walioishi huko kabla yao? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Maelezo hayo yalifundishwa kwa miaka mingi, hata nchini Thailand kwenyewe, lakini wanahistoria wameyaacha, na ni vyema wasomaji wetu nao wayaache. Tarehe peke yake zinayakanusha. Sukhothai huhesabiwa kuwa ilianza yapata mwaka 1238, miaka 15 kabla ya Wamongolia kuuteka mji wa Dali, makao makuu ya dola iliyotawala huko baada ya Nanzhao, na wakati huo Nanzhao ilikuwa imekwisha anguka tangu mwaka 902. Ushahidi mzito zaidi umo katika majina ya watawala wa Nanzhao, kwa sababu jina la mtoto lilianza kwa silabi iliyomalizia jina la baba: Piluoge alikuwa baba wa Geluofeng, naye Geluofeng baba wa Fengjiayi. Desturi hiyo ni ya jamii za lugha zilizo karibu na Kiburma na Kitibeti. Wathai hawakuwa nayo.

Wataalamu wa lugha huelekeza chimbuko la Wathai kwenye mpaka wa Guangxi na Vietnam ya kaskazini. Kutoka huko walisogea polepole kwa karne nyingi, wakifuata mabonde yanayofaa kilimo cha mpunga, wala hapakuwa na msafara mmoja wa wakimbizi.

Katika mabonde hayo waliwakuta wenyeji wenye miji na dini iliyokomaa. Wamon wa Dvaravati, waliostawi tangu karibu karne ya 6, walikuwa Wabudha, na huko Nakhon Pathom zimepatikana sarafu za fedha zenye jina la dola yao. Baadaye Wakhmer wa Angkor, katika nchi ambayo leo ni Kambodia, walitawala hadi Lopburi, katikati ya Thailand ya leo. Kwenye kuta za hekalu la Angkor Wat, lililojengwa karne ya 12, wamechongwa askari waitwao Syam wakiandamana katika jeshi la mfalme, na wanahistoria wengi huwahesabu kuwa Wathai. Ikiwa ndivyo, walimtumikia Mkhmer kabla ya kumwasi.

Uasi wenyewe unastahili kuelezwa. Jiwe la maandishi la Sukhothai linasimulia kwamba Pha Mueang, mkuu wa Kithai, alikuwa amepewa na mfalme wa Angkor binti yake awe mkewe, upanga na cheo cha heshima. Hata hivyo, aliungana na rafiki yake Bang Klang Hao kumwondoa liwali wa Kikhmer huko Sukhothai, kisha akamwachia rafiki huyo kiti cha enzi pamoja na cheo kile kile kilichotoka Angkor. Dola mpya ilianza, basi, kwa heshima iliyotolewa na dola ya zamani.

Kaskazini, Mangrai, mfalme mwingine wa Kithai, aliiteka Haripunchai, dola ya Wamon, akajenga Chiang Mai mwaka 1296, huku watu wake wakijifunza dini na maandishi kwa hao aliowashinda. Mwaka huo huo Zhou Daguan, mjumbe wa China, alifika Angkor. Aliandika kwamba vita na Wasiamu, yaani Wathai, vilikuwa vimeharibu mashamba, lakini akaeleza pia kwamba Wasiamu waliohamia huko ndio waliofuga viwavi wa hariri, na kwamba viwavi hao na miforosadi yao vilitoka Siam. Majirani hao walipigana na kufundishana kwa wakati mmoja.

Ayutthaya, dola nyingine ya Kithai iliyoanzishwa mwaka 1351, iliiteka Angkor mwaka 1431. Wafalme wake walifuata taratibu za ikulu ya Kikhmer, na hadi leo lugha ya heshima anayosemeshwa mfalme wa Thailand imejaa maneno ya Kikhmer.