Kijana mhandisi, tafuta mstaafu ukae naye

Wiki iliyopita nimepata barua kutoka Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Sasa ni mhandisi mtaalamu, mwenye muhuri wake. Nikaweka kwenye stetasi, na simu hazikukatika mpaka usiku. Wengi walinipongeza kwa moyo safi, Mungu awalipe. Wengine ni wale wale walionicheka nilipofunga begi Dar nikarudi Tanga, eti nimesoma uhandisi miaka minne ili nikakae barazani na mzee. Nao nimewajibu asante. Kusahau sijasahau.

Swali lao ni moja: nimefanyaje? Jibu langu nalo ni moja, na najua halitawafurahisha wanaotaka njia ya mkato. Nilikaa na mstaafu.

Simtaji jina kwa sababu hapendi. Sisi tunamwita Profesa, na mtaani kwake Chumbageni hata mwuza samaki anamwita hivyo hivyo. Baba yake alikuwa mtu wa reli, hii reli iliyoanza kujengwa hapa hapa Tanga mwaka 1893. Utotoni mwake, Mtanzania aliyetaka kusomea uhandisi chuo kikuu alikwenda Nairobi au ng'ambo. Kitivo cha Uhandisi pale Mlimani, Dar es Salaam, kilifunguliwa mwaka 1973 kwa msaada wa Ujerumani Magharibi, na yeye akawa miongoni mwa wanafunzi wa mwanzo mwanzo. Akaenda Ujerumani kuendelea na masomo, akarudi, akafundisha mpaka akastaafu. Huwa anasema likizo zao zilikuwa za ovaroli: chuo kikifungwa, wao wanapelekwa viwandani na kwenye ujenzi. Akitusikia tunalalamikia mafunzo kwa vitendo ya wiki chache, anacheka mpaka miwani inashuka puani.

Mimi nilikuwa nimetoka kwenye kampuni moja Dar ambayo siitaji. Walinichukua kwa maneno matamu, nikaishia kupanga mafaili na kutumwa chapati. Kila nikiomba kwenda saiti naambiwa wiki ijayo. Kipindi kile sina mengi ya kusimulia, ni kuamka, daladala, mafaili, daladala. Mjomba wangu ndiye aliyeniambia, "Rudi nyumbani, nenda kamwamkie Profesa." Nikaenda. Shikamoo, marahaba, kahawa. Hakuuliza nilipata alama ngapi. Aliuliza kama nina viatu vya saiti.

Siku ya kwanza tulikwenda kwenye nyumba ya ghorofa moja kule Raskazone, karibu na bahari. Mwenye nyumba alimwomba tu apitie. Lori lilikuwa limemwaga mchanga asubuhi ile. Profesa akaomba chupa tupu ya maji, ile ya plastiki, akajaza mchanga hadi nusu, akaongeza maji na chumvi kidogo ya jikoni ili tope litue haraka, akatikisa, akaiweka juu ya tofali na kutukataza kuigusa. Mchanga ukatua chini, tope likajipanga juu yake, mpaka wa kati unaonekana waziwazi. Tope lilikuwa nene, maana yake mchanga ni mchafu, na fundi mkuu akaanza kuangalia pembeni. Kisha Profesa akachota mchanga mwingine kutoka kwenye lundo kwa ncha ya kidole, akauweka ulimini, akatema. "Huu wa pwani," akasema. "Rudisha."

Profesa mzima analamba mchanga! Chuo sikufundishwa hivyo. Nilifundishwa kloridi, ile iliyomo kwenye chumvi, nikaandika kloridi, nikafaulu kloridi. Siku ile ndiyo nilielewa. Saruji inakikinga chuma: ndani ya zege zima, nondo hujivika utando mwembamba unaozuia kutu. Chumvi inautoboa utando huo. Kutu ikianza inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, inasukuma zege kutoka ndani mpaka linapasuka na kubanduka. Tembea mitaa yoyote iliyo karibu na bahari hapa Tanga, inua macho uangalie chini ya vibaraza vya ghorofa, utaziona nondo zimechungulia nje. Profesa haendi kwa ulimi peke yake, msije mkasema nawapotosha. Mchanga wa kazi kubwa anaupeleka maabara. Ulimi ni wa kumfukuza dereva wa lori pale pale kabla hajalipwa.

Jambo la pili lilikuwa maji. Mafundi wetu wanapenda zege liwe uji, kwa sababu linamwagika bila jasho. Maji yakizidi, yakikauka yanaacha vitundu, na vitundu ndiyo njia ya hiyo chumvi. Kwa mfuko wa saruji wa kilo 50, lita 25 hivi zinatosha, na mchanga ukiwa umelowa unapunguza tena. Profesa aliinunulia ile saiti ndoo na kuchora mstari kwa rangi nyekundu. Fundi akizidisha mstari, mzee hasemi kitu, anakaa juu ya mfuko wa saruji na kazi haiendelei. Halafu biskuti, vile vipande vya zege vya kuinua nondo zisilale kwenye mbao: karibu na bahari anataka milimita 50 za zege kati ya nondo na hewa. Alikuwa anaingiza rula mwenyewe, kwa magoti, na umri ule.

Jioni ilikuwa ni daftari. Mnajua Bodi inataka mhitimu afanye kazi si chini ya miaka mitatu chini ya mhandisi aliyesajiliwa, na aandike alichofanya. Wengi mnaandika "nilisimamia zege" na kugongewa sahihi. Profesa alikuwa anachukua kalamu nyekundu: zege la nini, mifuko mingapi, maji kiasi gani, nani alipima, limemwagiliwa siku ngapi? Nikiwa sijui, kesho yake narudi saiti kuuliza. Nilichukia sana. Kwenye usaili, wajumbe walipofungua daftari langu waliuliza maswali machache tu, na yote nilikuwa nimeshaulizwa barazani.

Sasa sikilizeni vijana wenzangu. Mnang'ang'ania Dar mnasubiri nini? Bandari ya Tanga, ambako miaka yote meli zilitia nanga mbali na mizigo ikaletwa kwa matishari, imechimbwa kutoka kina cha mita 3 hadi mita 13, na gati zina mita 450. Bomba la mafuta ghafi kutoka Uganda, kilomita 1,443, linaishia Chongoleani. Kazi zimetufuata nyumbani, na wazee wanaojua kazi wapo nyumbani. Kila mkoa una mhandisi mstaafu anayemwagilia maua asubuhi hana wa kuzungumza naye. Mtafuteni. Msiende na bahasha ya vyeti, nendeni na viatu. Msiende mara moja mkapiga naye picha mkaondoka, kaeni naye. Akiwakaripia, rudini kesho. Kizazi chetu kimezoea kuwaita hawa watu kwenye hafla, kuwavisha shada na kuwapa dakika tano za nasaha wakati chakula kinapoa. Hiyo si heshima!

Watu huuliza profesa kama huyu ameacha nini. Hana ghorofa, gari lake ni kuukuu, na watoto wake wako mbali. Lakini nendeni Ngamiani mkawaulize mafundi waliopita mikononi mwake kwa nini ndoo zao zina mstari mwekundu. Baadhi yao hawajamaliza shule ya msingi, na ninawaamini kwenye zege kuliko wahitimu ninaowafahamu.

Wale wanaoniomba namba yake, sitoi. Hapokei simu asizozijua, na Jumamosi hayupo nyumbani, yuko saiti ya mtu. Na wewe uliyeuliza kama alikuwa ananilipa: hakunilipa. Nauli ilikuwa yangu, na kahawa nilikuwa nalipa mimi.