Maswali yenu kuhusu Norovbanzad

Tangu nimtaje Namjilyn Norovbanzad, mwimbaji wa Mongolia, meseji hazikauki. Nachukua chache.

Swali: Huyu ndo yule anayetoa sauti mbili kooni?

Hapana! Nishalijibu hili mara ngapi jamani? Hiyo ya koo ni khöömii, mambo mengine kabisa. Norovbanzad aliimba urtiin duu, yaani wimbo mrefu.

Swali: Mrefu kivipi, nusu saa?

Urefu uko kwenye silabi. Wimbo wa dakika nne unaweza kuwa na maneno kumi tu, maana irabu moja inavutwa, inapanda, inatetemeka, inateremka taratibu, unadhani imeisha kumbe ndo kwanza inapanda tena. Zima taa, sikiliza pale anapovuta pumzi, utaisikia kabisa, halafu hesabu mpaka avute nyingine. Msisikilize huku mnaosha vyombo, mtaambulia kelele.

Swali: Alisomea wapi hadi akafika mbali hivyo?

Mnapenda sana vyeti nyie. Alizaliwa 1931 Dundgovi, huko jangwa la Gobi, nchi ya wafugaji, ambako nyimbo hizi zinaimbwa harusini, mtoto akizaliwa, watoto wa farasi wakipigwa chapa, na kwenye Naadam, sikukuu yao ya mieleka, mishale na mbio za farasi, sasa shule gani inashinda hiyo? Mwaka 1957 akaenda Moscow kwenye tamasha la vijana wa dunia akarudi na medali ya dhahabu, 1993 Wajapani wakampa tuzo ya Fukuoka. Akafariki 2002. UNESCO ikautangaza wimbo mrefu kuwa kazi bora ya urithi usioshikika wa binadamu 2005, miaka mitatu baada ya yeye kuondoka, na hilo linaniuma mpaka leo. Kama una bibi anayejua nyimbo za zamani mrekodi wiki hii, usingoje msiba.

Swali: Alitunga mwenyewe?

Nyingi ni za jadi, mtunzi hajulikani, ila mwimbaji ndo anaipamba sauti kwa namna yake. Kwa hiyo ukimtumia kwenye video yako andika jina lake, "muziki wa Mongolia" haitoshi, huo ni wizi.

Swali: Nyuma inalia violin?

Morin khuur. Nyuzi mbili, juu kuna kichwa cha farasi kimechongwa. Kwa jadi uzi mmoja ni nywele 130 za mkia wa farasi dume, mwingine 105 za jike.

Swali: Naomba remix yake yenye biti.

Sina, na sitaitafuta.