Kukanyaga mguu wenye chuma: jibu langu kwa mleta uzi aliyevunjika muundi

Mkuu mleta uzi, pole sana. Umesema una miezi miwili na nusu tangu uwekewe chuma kwenye muundi, daktari kakuruhusu kuanza kukanyaga kidogo kidogo kwa magongo, lakini unaogopa chuma kisije kikakatika, na shemeji yako anakushauri ulale tu mpaka miezi sita iishe. Mimi nililala. Ndiyo maana nakuandikia kwa kirefu.

Ni fundi wa kuchomelea. Mwaka 2019 niligongwa na pikipiki nikitoka karakana, muundi wa kulia ukakatika chini kidogo ya katikati. Nikawekewa chuma kirefu ndani ya mfupa, kinapopita uboho, na skrubu mbili juu, mbili chini. Daktari alisema wiki ya sita nianze kuuegemea mguu. Sikuuegemea. Chuma nakijua, mfupa nilikuwa siujui.

Springi ya gari iliyokatika ikiletwa kwangu, kwanza naangalia pale ilipokatikia. Mara nyingi pana sura mbili. Upande mmoja laini, mweusi, umeshika kutu, una mistari ya upinde kama ile ya mchangani maji yakikupwa. Upande wa pili unang'aa, una chembechembe. Ule wenye kutu ni ufa wa siku nyingi: ulianzia kwenye mkwaruzo, ukawa unatambaa kila gari lilipoingia shimo, hadi kilichobaki kikashindwa. Dereva anaapa imekatika leo, kumbe ilianza zamani. August Wöhler, mhandisi wa reli wa Ujerumani, aliuchunguza uchovu huu kwenye ekseli za treni miaka ya 1850 na 1860, akaonyesha kwamba mzigo mdogo ukirudiwa mara nyingi huvunja chuma ambacho mzigo huo huo mara moja usingekitikisa.

Kwa hiyo hofu yako ina msingi. Mtu akitembea hatua 5,000 kwa siku, kila mguu unakanyaga mara 2,500, yaani 75,000 kwa mwezi, na chuma hakina damu ya kuziba ufa. Ila mimi sikuelewa kwamba chuma kile ni kama mirunda chini ya slabu. Kimewekwa kishikilie mpaka mfupa uunge. Mfupa usipounga, chuma kitaendelea kuubeba mzigo peke yake, na mwisho kitakatika hata ukitembea kwa adabu.

Mfupa ni kitu kingine kabisa. Takriban theluthi mbili ya uzito wake ukiwa mkavu ni madini ya kalsiamu na fosfeti, hayo ndiyo ugumu. Sehemu kubwa ya kinachobaki ni kolajeni, yaani nyuzi za protini, huo ndio mnepo. Mfupa wa mtoto una mnepo zaidi, ndiyo sababu mara nyingi hupasuka upande mmoja na kupinda upande wa pili, kama kijiti kibichi. Ukivunjika, damu inaganda pale, baada ya wiki mbili tatu panajengeka gegedu laini, kisha madini yanaingia na kuligeuza mfupa, halafu mwili unauchonga kwa miezi, hata miaka. Ndani yake mna seli hai zinazohisi mzigo: panapobebeshwa panaongezwa, pasipobebeshwa panapunguzwa. Julius Wolff, daktari mpasuaji wa Berlin, aliandika habari hiyo 1892. Wanaanga, ambao huko juu miguu yao haibebi uzito, hupoteza asilimia 1 hadi 1.5 ya mfupa wa nyonga kila mwezi. Mimi kitandani nilikuwa naelekea huko huko.

Mwezi wa nne tangu nivunjike nilirudi hospitali. Kwenye eksirei mstari wa mvunjiko ulikuwa bado mweusi, kama umechorwa kwa penseli. Nilipima vigimbi kwa futi ya kamba: kushoto sentimita 37, kulia 31. Kifundo cha mguu hakikunji. Daktari akaniambia, "Chuma chako kizima. Mfupa ndio haujapewa kazi."

Mtaalamu wa mazoezi akaweka mizani ya kawaida sakafuni, nikakanyaga nikiwa nimeshika magongo mpaka mshale ukafika kilo 15. Akasema, shika hisia hiyo. Kila wiki akaongeza. Wiki ya nane ya mazoezi hayo picha ilionyesha kama wingu jeupe limeuzunguka ule mstari. Hadi leo nikipapasa muundi nakuta kinundu pale. Kigimbi kilichelewa zaidi, karibu mwaka.

Usichukue kilo zangu ukazifanya zako. Mwenye bamba la pembeni au vyuma vya nje anaweza kupewa masharti tofauti, na aliyeiona picha yako ni daktari wako. Maumivu ya kuchoka yanayoisha ukipumzika, mimi niliambiwa niyavumilie. Lakini maumivu makali pale pale palipovunjika, kigimbi kuvimba na kuwa cha moto, au pumzi kukata ghafla: nenda hospitali saa hiyo hiyo, maana hayo mawili ya mwisho huenda ni damu iliyoganda kwenye mshipa. Na kama unavuta sigara, acha sasa, maana inachelewesha mfupa kuunga.

Kesho muulize mtu wa mazoezi mizani isome kilo ngapi kwa mguu wako, halafu urudi hapa utuambie.