Huyo kijana asikufungulie ukurasa kwa akaunti yake

Umeuliza rangi za nembo, namna ya kuuandaa ukurasa mpya wa biashara yako uwakaribishe wateja, na uchapishe mara ngapi kwa wiki. Acha kwanza habari ya rangi. Katikati ya maswali yako umechomeka sentensi moja kana kwamba haina uzito: kuna kijana mtaalamu wa mitandao atakufungulia Facebook, Instagram na WhatsApp ya biashara, ametaja na laini atakayoitumia, wewe kazi yako ni kumtumia picha. Mkuu, hapo ndipo unapoliwa, tena kabla hujapata mteja wa kwanza. Picha mbaya utaibadilisha jioni hiyo hiyo. Maelezo mabovu utayaandika upya. Ukurasa ulio mikononi mwa mtu mwingine utaubembeleza mpaka uchoke.

Sheria ni moja: kila kinachobeba jina la biashara yako kifunguliwe na wewe, kwa laini yako na barua pepe yako. Fundi aalikwe baadaye. Usiniulize nimeijulia wapi sheria hii, swali lenyewe linauma.

Elewa kwanza jambo ambalo hao jamaa hawalisemi. Ukurasa wa Facebook hauna nenosiri lake. Unaingia kwa akaunti yako binafsi, na akaunti hiyo ndiyo inayopewa ruhusa ya kuusimamia. Kijana akiufungua kwa akaunti yake, mwenye udhibiti kamili ni yeye peke yake, na wewe huna tofauti na mpita njia aliyeupenda ukurasa. Wengine huufungua ndani ya akaunti yao ya biashara ya Meta (kampuni yenye Facebook, Instagram na WhatsApp), wanamoweka kurasa za wateja wao wote. Hapo ndipo pabaya zaidi, kwa sababu ukurasa unahesabika kuwa wa akaunti hiyo. Hata akikuongeza kama msimamizi, wewe ni mpangaji kwenye nyumba uliyoijenga mwenyewe.

Kwenye Instagram atakuambia, "Nenosiri si nimekupa?" Nenosiri si kitu. Tazama barua pepe na namba zilizosajiliwa kwenye akaunti, maana huko ndiko unakokwenda ujumbe wa kurejesha akaunti. Kama ni vyake, atabonyeza "nimesahau nenosiri" na kesho uko nje. Na usidhani utamzunguka kwa kubadilisha barua pepe kimyakimya: Instagram hutuma taarifa kwenye barua pepe ya zamani, ikiwa na njia ya kutengua badiliko hilo. Makabidhiano hufanyika yeye akiwepo na akiwa amekubali, na ndiyo maana turufu iko mikononi mwake, si mwako.

WhatsApp Business ni rahisi kuielewa: akaunti ni namba. Mwenye laini ndiye anayepokea msimbo wa tarakimu sita. Laini ikisajiliwa kwa jina lake "kwa muda tu", mazungumzo mapya yote ya wateja wako yanaweza kuhamia simu yake siku anayotaka.

Halafu matangazo. Akiyaendesha kwa akaunti yake ya matangazo, wewe huoni kilichotumika. Unampa pesa, anakuletea picha ya skrini yenye namba nzuri nzuri, nawe unashukuru. Siku ya kuachana, kumbukumbu zote za tangazo lipi liliuza na kwa watu gani zinabaki kwake. Ulilipia elimu, cheti kikaenda kwake.

Mkikosana je? Si lazima awe mwizi. Anaweza kupata kazi kwingine akaacha kujibu, au akaunti yake binafsi ikafungiwa kwa makosa yake mwenyewe, na ukurasa wako ukabaki hauna mtu. Unafungua mwingine. Sasa ipo miwili yenye jina moja, na wa zamani ndio wenye maoni ya wateja na ndio waliowatumia marafiki zao. Kitufe cha ujumbe bado kinapeleka watu kwa namba aliyoiweka yeye. Utaripoti, utaombwa uthibitisho, utasubiri. Kama picha ulipiga wewe na unazo zile halisi, unaweza kudai hakimiliki ziondolewe, lakini hilo linaondoa picha tu, ukurasa haurudi.

Kinachonikera ni ile kauli yao ya "usisumbuke na mambo ya kiufundi". Ufundi upi? Facebook wakati wa kufungua ukurasa inakuomba jina na aina ya biashara, mengine utajaza ukipenda. Kuhamisha Instagram kuwa akaunti ya biashara ni kugusagusa mipangilio, na ni bure. Mtu anayekutoza kwa kujaza jina lako mwenyewe kwenye kisanduku, halafu anabaki na kisanduku, huyo kweli ni mtaalamu, ila si wa mitandao.

Fanya hivi. Fungua barua pepe mpya ya biashara, isiwe ile unayopokelea kila takataka. Tafuta laini iliyosajiliwa kwa jina lako na uitumie, maana laini isiyotumika muda mrefu kampuni ya simu huweza kuifunga na kuiuza kwa mtu mwingine. Fungua ukurasa mwenyewe. Washa uthibitishaji wa hatua mbili (kinga ya pili juu ya nenosiri au namba) kila mahali. Facebook itakupa misimbo ya akiba, kila mmoja hutumika mara moja. Iandike kwenye karatasi uiweke mbali na simu, kwa kuwa siku ya kuihitaji ni siku simu imepotea. Kwenye WhatsApp weka PIN ya tarakimu sita pamoja na barua pepe ya kuirejesha. Ukiisahau PIN na hukuweka barua pepe, utasubiri siku 7.

Ndipo umwite kijana wako. Kwenye mipangilio ya ukurasa kuna sehemu ya ruhusa za ukurasa. Mpe ruhusa ya kazi zake tu: kuweka machapisho, kujibu ujumbe, kuendesha matangazo. Udhibiti kamili usimpe, hata akinuna. Kama ni kampuni, iunganishe kama mshirika kupitia akaunti yako ya biashara ya Meta. Humo unaweza kuipa kazi ya Instagram pia bila kuipa nenosiri. Akaunti ya matangazo iwe yako na malipo yatoke kwako. Akikataa kufanya kazi kwa mpango huo, umeshapata jibu lako bila gharama.

Kama tayari ameanza, mwombe leo, mkiwa bado mnacheka pamoja. Akupe udhibiti kamili, uhakikishe jina lako linaonekana kwenye orodha ya ruhusa, kisha ajipunguzie ya kwake. Ukiona ukurasa umo ndani ya akaunti yake ya biashara, autoe humo kwanza. Wasifu wa biashara yako kwenye Google, ule unaoonekana kwenye ramani, nao una mmiliki mkuu. Ukiongezwa leo kama mmiliki utasubiri siku 7 kabla ya kupata mamlaka yote, kwa hiyo usingoje ugomvi ndipo uanze.

Sasa ile namna ya kuuandaa ukurasa uwakaribishe wateja, kwa haraka. Picha ya utambulisho hukatwa duara, kwa hiyo nembo yenye maandishi pembeni itapoteza herufi. Weka alama moja kubwa katikati. Maelezo ya Instagram yana nafasi ya herufi 150: sema unauza nini, uko wapi, mtu aagizeje. "Tunajali wateja wetu" imekula herufi bila kumwambia mtu kitu. Usialike watu ukurasa ukiwa mtupu, weka kwanza machapisho sita au tisa. Salamu ya moja kwa moja ya WhatsApp humfikia anayekuandikia mara ya kwanza, au aliyekaa kimya siku 14, hivyo iwe fupi na iseme utajibu saa ngapi. Na bei andika. Mteja anayeambiwa "njoo inboksi" kwa kila bidhaa anahisi anapimwa mfuko.

Uliuliza pia uchapishe mara ngapi kwa wiki. Chapisha kadiri utakavyoweza kujibu maswali yatakayofuata. Rangi za nembo watakuja wenye jicho zuri kuliko mimi. Wewe nijibu hili tu kabla hujampigia huyo kijana: hiyo laini aliyosema atatumia, imesajiliwa kwa jina la nani?