Anzia Pale Mhusika Anapojipinga

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikifundisha fasihi ya Kiswahili hapa Gulu, kaskazini mwa Uganda, na kila muhula napokea insha zinazofanana hata kama waandishi wake hawafahamiani: mhusika fulani ni mlevi, ni katili, ana mapenzi ya dhati, kwa hiyo dhamira ni ulevi, ukatili na mapenzi. Orodha kama hiyo inaweza kuwa sahihi kabisa na bado isiwe uchambuzi. Nami niliandika hivyo nilipokuwa kidato cha sita, baada ya kukariri mwongozo ukurasa kwa ukurasa, na mwalimu aliyesahihisha kazi yangu aliandika pembeni neno moja tu: "Umejuaje?" Tangu siku hiyo sijasoma kitabu bila kujiuliza swali hilo.

Chukua Lawino, mke anayelalamika katika "Song of Lawino", shairi refu la Okot p'Bitek wa Uganda, ambalo lilitoka kwa Kiingereza mwaka 1966 na kwa Kiacholi mwaka 1969. Wengi huandika haraka kwamba Lawino anatetea mila, mumewe Ocol anaiga Uzungu, na dhamira ni mgongano wa tamaduni. Ni kweli, lakini msikilize anavyomzungumzia Clementine, mwanamke anayegombea naye mume. Anaisuta midomo yake iliyopakwa rangi, akiifananisha na ya paka-mwitu aliyechovya mdomo katika damu. Kisha anaomba asidhaniwe kwamba ni wivu unaounoa ulimi wake. Na muda si mrefu anakiri kwamba wivu kidogo anao. Mahali kama hapo, ambapo mhusika anakana jambo na papo hapo analikubali, ndipo ninapowaomba wanafunzi waweke kalamu chini na kufikiri. Je, anatetea mila kwa sababu anaziamini, au kwa sababu ameumizwa? Kwa maoni yangu ni yote mawili, na jeraha lake haliidhoofishi hoja yake hata kidogo. Ukifika hapo, dhamira haiwi tena neno moja, bali sentensi kamili unayoweza kuitetea: kwamba dharau kwa utamaduni huuma zaidi inapotoka kwa mtu wa nyumbani.

Kumbuka pia kwamba katika shairi hilo Ocol tunamjua kwa kinywa cha Lawino peke yake, na majibu yake hayakuchapishwa hadi mwaka 1970. Kabla hujaandika kwamba mtu ni katili, tazama ni nani anayekuambia hivyo na ana uchungu gani naye.

Njia hiyo hiyo imenisaidia katika "Rosa Mistika", riwaya ya Euphrase Kezilahabi ya mwaka 1971, ambayo chimbuko lake ni Ukerewe, kisiwa kilicho upande wa kusini wa Ziwa Victoria tunalochangia na Watanzania. Zakaria ni mlevi anayeshindwa kuitunza nyumba yake, lakini anampiga bintiye Rosa kwa sababu ya barua iliyotoka kwa mvulana, kana kwamba heshima ya familia nzima inalindwa kwa fimbo. Tazama ukinzani huo kwa makini. Rosa analelewa kwa hofu, na hofu hiyo inapobaki nyumbani naye akaenda masomoni mbali, hana kipimo chake mwenyewe cha kumwongoza. Insha inayosema dhamira hapa ni uasherati imeshika matokeo na kuacha chanzo, nami huona inamwonea Rosa.

Usilazimishe ukinzani pasipokuwapo. Apwoyo, yaani sungura wa hadithi tulizosimuliwa na bibi zetu, ni mhusika bapa: ni mjanja mwanzo hadi mwisho, na dhamira yake utaipata kwa wale anaowashinda na hila anazotumia, wala si moyoni mwake.

Kwa kazi ya kila siku, tenga kurasa mbili za daftari kwa kila mhusika mkuu. Upande mmoja andika anayoyasema kujihusu, upande wa pili anayoyatenda na yanayosemwa na wengine, ukitaja tukio kila mara. Pande hizo zikitofautiana, umepata pa kuanzia aya yako. Wanafunzi wangu hujadili kwanza kwa Kiacholi au kwa Kilango, kisha huandika kwa Kiswahili sanifu, na nimeona hoja zao zikipata uzito, kwa kuwa mtu hupima tabia za watu vizuri zaidi kwa lugha aliyokulia. Katika chumba cha mtihani huenda ukasahau maneno ya mwongozo, lakini barua ya Rosa na midomo ya Clementine hutazisahau, na ushahidi wa aina hiyo ndio unaojibu lile swali la mwalimu wangu.